Babu, Bibi Amekabidhiwa Godoro la Kitongoji

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Na tafadhali usiniitikie kwa ile marahaba yako ndefu ya kejeli, "Marahabaaa, mjukuu wangu wa timu iliyofungwa," maana leo nina habari njema na sitaki tuanze kwa ugomvi.

Nakuandikia kutoka Mikumi, kwenye kibanda changu cha kuchora mabango, kile ulichokuwa ukikiita "ofisi" mbele za watu na "banda la kuku" tukibaki wawili. Bado kipo. Mlango bado unafungwa kwa waya. Nachora mabango ya mama ntilie, ya nyumba za wageni, ya mafundi pikipiki, na mabasi yakisimama kula, abiria wananichungulia na kuuliza kama choo kiko huku nyuma. Watu wakiniuliza kazi yangu nasema mimi ni mbunifu wa michoro. Wewe ulikuwa unawaambia watu wa kwetu Tindiga kwamba mjukuu wako amesomeshwa mpaka chuo ili aje apake rangi. Halafu, ukidhani sisikii, unaongeza, "Lakini anapaka, jamani! Unaisoma hata ukiwa umelala."

Habari yenyewe ni hii: Bibi amehama. Mkeo, Babu! Amehama kwa miguu yake, mchana kweupe, na hakuna aliyembeba. Najua huamini. Kaa vizuri nikueleze.

Tangu utuache, mvua imekuwa haina adabu kabisa. Unakumbuka tulivyokuwa tunashinda kwenye mpunga kuwinga ndege, mimi na kopo langu la mawe, wewe na redio yako iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli? Timu yako ikikaribia goli, ndege wote wa bonde wanajua wameruhusiwa kula. "Shhh! Kona!" unaninyamazisha, na kwelea kwelea wanashuka kama wamealikwa. Bibi akija na chakula anakuta kona ya jaruba imeshaliwa, na wewe unarukaruka juu ya tuta huku kikoi kinakudondoka. Nilikuwa nacheka mpaka nakaa kwenye matope. Miaka ile angalau tulijua mpunga unapandwa lini. Siku hizi vuli ikijisikia inakuja, isipojisikia haiji, na masika yanamwagika yote kwa mkupuo kama mtu kapiga ndoo teke. Mto nao umejaa mchanga. Maji yakishuka kutoka milimani hayana pa kukaa, yanatafuta majumbani.

Masika ya kwanza bila wewe, maji yalimkuta Bibi kitandani. Aligoma kutoka. Ilibidi mume wa Mama Limi ambebe mgongoni. Mama Limi unamjua, mtani wako, yule Msukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, akakwambia siku ya kwanza tu kwamba Wasagara hamjui hata kukama, nawe ukamjibu kwamba kwao wanaogea mtindi. Basi mumewe alivuka maji na Bibi mgongoni, na Bibi njia nzima akawa anampiga makonzi. Alipotuliwa kwenye nchi kavu akatangaza mbele ya kitongoji kizima: "Mwakani mtanikuta humo humo ndani. Na asije mtu na mgongo wake."

Babu, pale nilicheka na wenzangu, lakini nilivyorudi Mikumi nililia. Nilijua hasemi kwa hasira. Huyu bibi akishasema, amesema. Na mume wa Mama Limi si kila siku yupo nyumbani.

Ndipo ukaja mradi wa mambo ya tabianchi, wakatafuta mtu wa kuwachorea mabango. Nikaruka juu. Nikajiona mimi ndiye nitakayemwokoa Bibi kwa brashi.

Bango la kwanza walikuja nalo limeshachorwa mjini, mimi kazi yangu ilikuwa kulipaka kwenye ukuta wa shule likiwa kubwa zaidi. Dunia imelala kitandani, kipimajoto mdomoni, jasho linaitiririka, na chini yake maneno marefu kuhusu kujenga ustahimilivu dhidi ya athari za mabadiliko ya tabianchi. Bibi alipita, akasimama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini. Mgonjwa wa nani huyu?"

"Ni dunia, Bibi."

"Ah. Basi wamuwahishe Kilosa, hapa hatuna daktari."

Akaenda zake kisimani. Nilicheka, lakini brashi nikaiweka chini. Mkulima wa Tindiga hahitaji kuambiwa mvua imebadilika. Amepanda mpunga mara tatu msimu mmoja, atakosaje kujua? Anachotaka kuambiwa ni kwamba maji yanafika mlangoni kwake leo au hayafiki, na yakifika, aelekee wapi na mbuzi wake.

Nikawaambia watu wa mradi wanipe nafasi nibuni kitu cha hivyo. Wakakubali. Na hapo, Babu, ndipo mimi fundi mwenyewe nikaboronga. Umeshaanza kucheka? Subiri basi.

Niliweka mlingoti karibu na mto, nikashona bendera tatu. Ya kijani, tulia. Ya njano, jiandae. Nyekundu, ondoka upesi. Nikaona nimemaliza. Rangi gani nyingine zinajulikana dunia nzima kama hizo?

Siku ya kujaribu tukapandisha nyekundu. Wa kwanza kutokea walikuwa mashabiki wa timu yetu, wekundu, na filimbi na matarumbeta, wamevaa jezi, wanauliza tumeshinda ngapi! Walipoambiwa bendera hiyo maana yake ni janga, wakachachamaa. Mmoja akanishika bega, "Dada, na wewe si mwenzetu? Umetuuza?" Watu wa upande wako, wa kijani na njano, wao walijifungia ndani kwa furaha. Akatoka mwenyekiti wa kitongoji peke yake, yule rafiki yako wa benchi la mpira, mikono nyuma, kifua mbele. "Kwa hiyo rangi zetu ni salama na yao ni balaa," akasema. "Hapo, mjukuu wangu, umechora kweli tupu. Lakini kukimbizwa na bendera nyekundu? Hata maji yakinifika hapa," akajionyesha kidevuni, "sitoki."

Na Bibi? Bibi alikuwa ameketi mlangoni. "Mume wangu amekufa hajawahi kuvaa hata soksi nyekundu," akaniambia. "Leo mjane wake ahamishwe na bendera ya wale?"

Mama Limi alicheka mpaka akakaa chini. "Watani zangu, ninyi mtazama mkishangilia!"

Tukaitisha kikao shuleni kutafuta rangi nyingine. Nyeupe wakaikataa, sanda hiyo. Nyeusi, nani anataka mkosi? Bluu ya chama fulani, kijani peke yake ya chama kingine, na bibi mmoja akasema zambarau anaipenda sana ila macho yake hayaitofautishi na nyeusi. Kila rangi ina mwenyewe! Nilitoka pale kichwa kinaniuma, nikalala kwa Bibi bila hata kula.

Asubuhi nikawa nakwenda kupanda gari la kurudi Mikumi. Kwenye uzio wa jirani kulikuwa kumeanikwa godoro, na katikati ya godoro doa kubwa, bichi. Akapita mfugaji na baiskeli, akatazama, akacheka. Akapita ustadhi, akatabasamu, akageuza macho kwa heshima. Wakapita wanakwaya wawili wanabishana kuhusu mpira, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwenu, wote wawili wakasema kwa pamoja, "Eh! Leo kuna mtu kakojoa." Nyuma ya mlango kitoto kilikuwa kimejificha, miguu tu inaonekana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maana yake.

Nikasimama pale barabarani mpaka gari likanipita, Babu, kwa sababu nilikukumbuka.

Nilikuwa nimeshakua kiasi cha kujua aibu. Likizo moja nilikojolea godoro lenu, Bibi akalianika, na watoto wa majirani wakakusanyika uani kama wamekuja sinema. Mimi nimejibanza nyuma ya pipa. Wewe ukatoka ndani umejifunga shuka, ukajinyoosha, ukapiga mwayo, ukasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mnamtafuta nani? Ni mimi. Uzee huu, jamani, msiuombe!" Bibi akafungua mdomo, ukamkonyeza, akaufunga. Wakakuita Babu Kikojozi likizo nzima, na wewe kila wakikuita unaitika, "Naam!" Sijawahi kukushukuru kwa siku ile. Asante, Babu. Nilikupenda mpaka kifua kikauma.

Basi nikashona godoro. Nilinunua kitambaa cha godoro cha mistari ya kahawia, na kwa kuwa sponji ikilowa haibebeki, nikajaza chupa tupu za maji zilizookotwa hapa Mikumi yanaposimama mabasi. Likawa jepesi, bibi kizee analibeba. Ukilitupa mtoni linaelea. Katikati nikapaka doa, na doa hilo nililifanyia kazi kweli kweli, kwa rangi ya njano iliyochanganywa na kahawia kidogo, kingo zake nimezififisha taratibu. Ni kazi yangu bora kuliko zote. Mlingoti tukauhamishia kwenye mwinuko wa shule, unaonekana bonde zima. Godoro likiegemezwa chini ya mlingoti, funga mizigo na sogeza mifugo. Likipandishwa juu, acha ulichoshika, njoo huku.

Bwana wa mradi alipoletewa kikaoni shuleni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada… hilo doa ni la nini?"

"Ni la mto," mwenyekiti akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Mto wetu siku hizi ni kikojozi. Ukijikojolea, sisi tunahama kitanda."

Darasa zima likaanguka kicheko. Bwana wa mradi akajikaza, akajikaza, halafu naye akashindwa, akacheka mpaka akaomba maji. Mama Limi akapiga makofi: "Hapo sasa mmeongea Kiswahili!"

Tulipojaribu tena, watoto ndio walioanza kupiga kelele, "Umekojoa! Umekojoa!" na watu wakapanda mwinuko na mbuzi na masufuria wanacheka. Kwenu na kwetu, msikitini na kanisani, wenye majaruba na wenye ng'ombe. Mwenyekiti alikuja na kiti chake. Nilikuwa nimesimama chini ya mlingoti nahesabu sura, nafurahi, mpaka nilipogundua sura ninayoitafuta haipo.

Nilimkuta mlangoni kwake anapukuchua kunde.

"Godoro nimeliona," akasema bila kuinua kichwa. "Zuri. Doa umelipatia."

"Sasa mbona hujaja, Bibi?"

Akaonyesha kwa kidole gumba nyuma ya nyumba, kwenye mipapai, ulipo wewe. "Nikija, nani atabaki na babu yako? Maji yaje yampite peke yake? Miaka yote ile amelala na mimi."

Babu, alikuwa ameelewa kila kitu, hakupungukiwa hata neno moja. Ningemchorea nini? Nilikaa nikapukuchua kunde naye, natamani ungetoka ukamwambia wewe mwenyewe.

Kunde zilipokaribia kwisha nikamuuliza, "Bibi, hili godoro likae wapi? Shuleni watoto watalitoboa."

"Likae kwa mtu mwenye akili."

"Nani?"

Akanitazama. "Unaniuliza mimi?"

Kwa hiyo godoro likakaa kwake. Nililipitisha kwenye kikao, mwenyekiti akaandika cheo, Mtunza Godoro, Bibi akapigiwa makofi na akajifanya hajali. Utaratibu ukawa hivi: shemeji yake Mama Limi analima vitunguu Lumuma, na mto ukifura kule juu, huku kwetu bado tuna muda. Yeye anampigia simu Mama Limi, Mama Limi anakwenda kwa Bibi, na Bibi anabeba godoro kulipeleka mlingotini. Yeye na si mwingine. Asipotoka Bibi, godoro halitoki, na kitongoji kizima hakijui. Usiku ule nilijiuliza kama nimefanya akili au nimefanya ujinga mkubwa kuliko wa bendera. Maana kama akigoma, hatazama peke yake.

Masika yakaja, na yakaja vibaya. Siku yenyewe mimi nilikuwa hapa Mikumi namchorea mkaanga samaki bango, nimefika kwenye mkia, simu ya Mama Limi ikaita. "Lumuma wamepiga. Nimeshamwambia bibi yako." Ikakatika! Nikampigia Bibi, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Mkaanga samaki akaninyang'anya brashi kwa huruma, akaniketisha kwenye ndoo. Nilikaa pale naomba Mungu kwa sauti, watu wananitazama, sikujali.

Simu ilipoita tena nilisikia kwanza kelele za mbuzi, halafu Bibi anamgombeza mtu: "Vuta kamba sawasawa, mwenyekiti mzima! Linapinda!" Nikalia na kucheka kwa wakati mmoja, na mkaanga samaki naye akacheka bila kujua kwa nini.

Nilichosimuliwa baadaye ndicho hiki. Bibi alitoka na godoro kichwani, fimbo mkononi, akashika njia ya shule. Watu walikuwa mashambani, wakainua macho wakaona godoro linatembea kwenye tuta. Hakuna aliyesubiri lipandishwe! Walitupa majembe, wakachukua watoto, wakamfuata. Mpaka anafika mlingotini, nusu ya kitongoji ilikuwa nyuma yake, wekundu na wa kijani wamechanganyika, ng'ombe wa Mama Limi katikati, na Bibi mbele kama bibi harusi. Maji yalifika baadaye, yakiwa mengi na ya rangi ya chai. Yaliingia nyumba nyingi, yakaangusha jiko la Bibi na ukuta mmoja. Mtu, hata mmoja, hayakumkuta.

Kesho yake nilifika kwa bodaboda, nimejaa tope mpaka nyusi. Bibi akanikumbatia, halafu akanifinya sikio. "Unadhani sijui ulichonifanyia?"

"Nimefanya nini, Bibi?"

"Nyoo! Babu yako mtupu wewe."

Sasa amepewa kiwanja karibu na shule. Fundi anajenga na Bibi anamsimamia, namwombea yule fundi subira. Ijumaa zote anashuka kwako na jembe. Maji yalikupita juu, Babu, yakakufunika tope, tukakulima vizuri na kukuwekea mawe pembeni. Utusamehe tulikuacha peke yako siku ile. Tindiga nzima iliondoka, ukabaki wewe.

Lakini kuna jambo Bibi hajaniambia, nimeambiwa na Mama Limi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Anasema alipompelekea habari, Bibi alijitwisha godoro papo hapo, hakubisha. Ila hakuanzia barabarani. Alizunguka kwanza nyuma ya nyumba, akasimama mbele yako na lile godoro kichwani, Mama Limi akaogopa akajua sasa amekwama hapo. Bibi akakutolea salamu, kisha akasema, "Mume wangu, mimi nimeitwa kazini. Usinisubiri."

Akageuka, akaenda.

Basi lala salama, Babu, na ufanye kama ulivyoambiwa.

Ni mimi mjukuu wako,
wa timu ile ile usiyoitaka.